Tangi lako la samaki limegeuka kijani? Pima fosfeti kabla ya kukimbilia riakta

UNASUGUA kioo Jumamosi, kufikia Jumatano kimerudi kijani. Unabadilisha maji, unapunguza saa za taa, unanunua konokono wawili watatu wa kula mwani, lakini wapi! Wiki mbili baadaye mawe yameota nywele za kijani, na wageni wakija nyumbani hawaulizi tena samaki wako wanaitwaje. Wanauliza kama bado wako hai.

Iwapo hayo yanakukuta, huenda tatizo lako si uchafu unaouona bali kitu kilichoyeyuka ndani ya maji ambacho jicho halikioni. Kinaitwa fosfeti. Ni chakula cha mwani, na tangi lako linakizalisha kila siku bila wewe kujua.

Siku hizi vijana wengi wanaofuga samaki wa mapambo, hasa wale wa maji ya chumvi, wanaambiwa dawa ni moja tu: nunua riakta ya fosfeti. Ni kweli kifaa hicho kinafanya kazi. Lakini ukikinunua kabla ya kuelewa kinachoendelea ndani ya tangi lako, utamwaga pesa, na mbaya zaidi, unaweza kuua viumbe uliotaka kuwaokoa.

Kitu kidogo, madhara makubwa

Fosfeti ni fosforasi iliyoungana na oksijeni. Kila kiumbe hai kinaihitaji: iko kwenye mifupa yako, kwenye mbegu, na kwenye mbolea ambayo mkulima huweka shimoni wakati wa kupanda mahindi. Haina sumu kwa samaki kwa kiasi kinachopatikana kwenye matangi mengi ya nyumbani. Shida yake ni kwamba inapozidi, mwani hushangilia.

Mwaka wa 1973, mwanasayansi David Schindler na wenzake walifanya jaribio kwenye ziwa dogo katika jimbo la Ontario, Kanada. Waliligawa ziwa hilo mara mbili kwa pazia la plastiki. Upande mmoja waliutilia kaboni na naitrojeni. Upande wa pili waliutilia kaboni, naitrojeni na fosforasi. Upande uliopata fosforasi uligeuka kijani, ule mwingine ukabaki na maji safi. Picha ya ziwa hilo iliyopigwa kutoka angani ilisaidia kuwashawishi watunga sheria huko kupunguza fosfeti kwenye sabuni za kufulia.

Huhitaji kwenda Kanada kuona jambo hilo. Simama ufuoni Kisumu utazame Ghuba ya Winam. Rutuba inayosombwa na mito kutoka mashambani, pamoja na majitaka ya miji, ndiyo inayolisha gugumaji na ule mwani wa kijani unaofanya maji yafanane na rangi ya ukuta. Tangi lako ni ziwa dogo. Tofauti ni kwamba ziwa lina mito ya kuingia na kutoka, lako halina pa kupumulia.

Mwani ukizidi, samaki hulipa gharama. Mchana mwani hutoa oksijeni, lakini usiku huitumia. Ndiyo maana tangi lililojaa mwani linaweza kuonekana sawa saa kumi jioni, kisha alfajiri ukawakuta samaki wako juu ya maji wakihema. Kwa wale wanaofuga matumbawe, kuna la ziada: fosfeti nyingi huyazuia kujenga mifupa yake ya chokaa. Baharini, kwenye miamba yenye afya, fosfeti huwa chini sana, mara nyingi chini ya miligramu 0.03 kwa lita moja ya maji.

Inaingilia wapi?

Mlango mkuu ni mkono wako mwenyewe. Ni kile chakula unachonyunyiza asubuhi na jioni.

Hebu tupige hesabu. Chakula kikavu cha samaki kwa kawaida huwa na fosforasi ya karibu asilimia 1, wakati mwingine zaidi. Gramu moja ya chakula basi ina miligramu 10 hivi za fosforasi. Fosforasi hiyo ikiungana na oksijeni na kuwa fosfeti, uzito wake huzidishwa mara tatu hivi, kwa hivyo unapata miligramu 30. Ukiwa na tangi la lita 100, gramu hiyo moja ina uwezo wa kupandisha fosfeti kwa miligramu 0.3 kwa lita. Hiyo ni mara kumi ya kiwango cha bahari safi tulichotaja.

Si yote hubaki majini, kwa sababu samaki hutumia sehemu yake kujenga mifupa na mwili. Nyingine hutoka ikiwa kinyesi, nyingine ni kile chakula kilichoanguka chini na kuoza nyuma ya jiwe. Ukilisha mara tatu kwa siku kwa sababu tu samaki "wanakuangalia kwa huruma", jua wanakuchezea. Samaki huomba hata akiwa ameshiba.

Mlango wa pili ni maji unayojazia. Baadhi ya nchi, Uingereza ikiwemo, huongeza fosfeti makusudi kwenye maji ya mfereji ili kuzuia madini ya risasi kutoka kwenye mabomba ya zamani. Maji yako, yawe ya mfereji, ya kisima au ya bowser, usiyakisie. Yapime kabla hayajaingia tangini. Ukiyakuta na fosfeti, basi kila ukibadilisha maji unaongeza tatizo ukidhani unalipunguza. Maji yaliyochujwa kwa mtambo, kama yale yanayouzwa kwa mtungi kwenye maduka ya mtaani, yanaweza kusaidia, ila nayo uyapime, kwani wauzaji wengine huyaongezea madini baada ya kuyachuja.

Mlango wa tatu ni vitu vinavyooza: jani lililokufa, konokono aliyefia ndani ya ganda lake, sifongo ya filta ambayo haijaoshwa miezi miwili. Chakula kilichogandishwa pia, usipokiosha kabla ya kukitia, huja na maji yake yenye fosfeti.

Pima kwanza

Hapa ndipo wengi wanateleza. Wanaona kijani, wanakimbilia dukani. Dalili ya mvua ni mawingu, kweli, lakini si kila wingu huleta mvua. Mwani unaweza kuletwa na taa inayowaka saa 14 kwa siku, jua la dirishani, au naitreti iliyopanda.

Tafuta kifaa cha kupimia fosfeti. Kile cha bei ya chini hutumia matone ya dawa na kadi ya rangi: maji yakigeuka bluu, unalinganisha na kadi. Kwa tangi la maji matamu kinatosha. Kwa matumbawe unahitaji kinachoweza kusoma viwango vidogo sana, na hapo wengi hutumia kile cha kidijitali kinachosoma rangi kwa mwanga badala ya macho yako.

Angalia jambo moja: vifaa vingine husoma fosforasi, si fosfeti. Kama chako kinasoma fosforasi kwa sehemu kwa bilioni, zidisha kwa 3.07 kisha ugawanye kwa 1,000 kupata fosfeti kwa miligramu. Kwa mfano, ukisoma 20, jibu ni takriban 0.06. Usipojua hilo utababaika bure, au utajipongeza bure.

Kuna mtego mwingine. Unaweza kuwa na tangi lililofunikwa na mwani, upime, kifaa kiseme sufuri. Haimaanishi fosfeti haipo. Inamaanisha mwani umeila kabla ya kipimo chako kuifikia. Ndiyo maana kipimo kimoja hakitoshi. Pima mara moja kila baada ya siku chache kwa wiki mbili, uandike kwenye daftari tarehe, kipimo, na kiasi ulicholisha. Mwisho wa wiki hizo mbili utaona mwelekeo, na mwelekeo ndio unaokwambia ukweli.

Halafu jaribu njia zisizo na gharama: punguza chakula kwa theluthi, osha sifongo kwa maji uliyotoa tangini, fyonza uchafu wa chini, badilisha asilimia 20 ya maji kila wiki, punguza taa hadi saa nane. Kwa matangi mengi ya samaki wa dhahabu au gapi, safari inaishia hapo. Huhitaji riakta.

Riakta ni nini hasa?

Jina linatisha lakini kifaa chenyewe ni cha kawaida. Ni mtungi wa plastiki unaopitisha mwanga, mrefu kama chupa ya soda ya lita mbili au zaidi. Ndani yake kuna chembe, na chembe hizo zimezuiwa na sifongo chini na juu zisitoroke. Pampu ndogo inasukuma maji ya tangi hadi chini ya mtungi, yanapanda polepole katikati ya chembe, yanatoka juu na kurudi tangini.

Chembe zinazotumika sana ni za oksaidi ya chuma. Kwa lugha ya mtaani, ni kutu. Ni kutu iliyotengenezwa kwa ustadi ikawa na vitundu vingi, na fosfeti inapopita hujishikilia kwenye uso wake isiachie. Teknolojia hiyo ilibuniwa Ujerumani miaka ya 1990 kwa lengo tofauti kabisa: kuondoa sumu ya aseniki kwenye maji ya kunywa. Ukikumbuka lile jedwali la elementi la somo la Kemia, aseniki iko chini tu ya fosforasi, safu moja. Tabia zao zinafanana, na ndiyo maana chembe zinazonasa aseniki zinanasa fosfeti pia. Wafugaji wa samaki wakaiona, wakaichukua.

Utauliza: mbona nisitie chembe hizo kwenye mfuko wa wavu nikaziweka ndani ya filta? Unaweza, na kwa tangi dogo inafaa. Ila maji ni mvivu. Yakikuta mfuko yanauzunguka, hayaupenyi. Chembe za katikati zinakaa bure na baada ya muda zinagandamana zikawa kama tofali. Riakta inayalazimisha maji yapite katikati ya kila chembe. Faida yake ni hiyo tu.

Kuna pia chembe nyeupe za oksaidi ya alumini zinazofanya kazi kama hiyo. Aina yoyote utakayochagua, fuata kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti yake.

Namna ya kuiweka bila kujuta

Osha chembe kwanza. Zina vumbi jekundu ambalo likiingia tangini litafanya maji yafanane na ya mto baada ya mvua. Weka chembe ndani ya riakta, elekeza paipu ya kutoka kwenye ndoo, washa pampu, na uendelee hadi maji yatoke meupe. Baada ya hapo ndipo urudishe paipu tangini.

Anza na nusu ya kiasi kinachopendekezwa. Narudia, nusu. Mwenda pole hajikwai. Matumbawe yaliyozoea fosfeti nyingi yakinyang'anywa ghafla hupauka, ngozi huanza kubanduka, na ndani ya siku chache unabaki na mawe meupe. Wengi hudhani ni ugonjwa, kumbe ni njaa na mshtuko. Ukiona kipimo kinashuka polepole na viumbe wako sawa, ongeza kidogo wiki inayofuata.

Rekebisha mkondo kwa koki. Unataka chembe za juu zichezecheze taratibu, kama uji wa wimbi unapoanza kutokota. Zikiruka kama mahindi ya bisi, mkondo ni mkali: zitasagana ziwe unga na unga huo utaingia tangini. Zikikaa tuli kabisa, zitashikana.

Ukitaka kujua kama chembe bado zina nguvu, usitegemee kalenda. Pima maji yanayotoka kwenye riakta, kisha upime ya tangini. Kama ya kutoka yako chini, kazi inaendelea. Yakilingana, chembe zimeshiba, zibadilishe. Mwanzoni unaweza kuzibadilisha haraka kuliko ulivyotarajia. Sababu ni kwamba mawe na mchanga wa chokaa nao hunasa fosfeti kwa miezi mingi, na maji yakisafika wanaanza kuiachilia. Unadhani riakta imeharibika, kumbe inalipa madeni ya zamani. Vumilia.

Chembe zilizokwisha zitupe. Kuna watu huziosha kwa kostiki soda ili wazitumie tena. Kemikali hiyo huunguza ngozi na kupofusha macho, na ukibakisha kidogo tu inaweza kumaliza tangi zima. Hailipi.

Wenye matumbawe wafuatilie pia alkali ya maji, kwani chembe za chuma zikiwa mpya zinaweza kuishusha kiasi.

Kama una mikono ya ufundi, unaweza kujitengenezea riakta kwa mtungi wa filta ya maji ya nyumbani unaouzwa hadiwea. Hakikisha tu maji yanaingia chini na kutoka juu. Epuka viungo vya shaba nyeupe au nyekundu: madini ya shaba yakiyeyuka majini huua kamba, konokono na matumbawe.

Usiifukuze yote

Kosa la pili kwa ukubwa, baada ya kutopima, ni kutaka sufuri. Sufuri inaonekana nzuri kwenye karatasi lakini tangini ni balaa. Matumbawe yanahitaji fosfeti kidogo ili yaishi. Wafugaji wengi hulenga kati ya miligramu 0.03 na 0.1 kwa lita. Ikikaa sufuri kwa muda, mwani wa kijani huondoka na mahali pake huja ute wa kahawia wenye viputo, uletwao na viumbe vidogo viitwavyo dinoflajelati. Aina nyingine zina sumu inayoua konokono, na kuziondoa ni kazi kuliko ile uliyoanza nayo.

Kwa tangi la maji matamu lenye mimea, ndiyo kabisa. Mimea inataka fosfeti, mara nyingi kati ya miligramu 0.5 na 2 kwa lita. Ukiweka riakta hapo utakuwa unamnyima mgeni chakula uliyemwalika mwenyewe. Mimea ikidumaa, mwani unachukua nafasi yake. Bora uongeze mimea inayokua haraka ishindanie chakula na mwani.

Stima ikipotea

Hili vitabu vingi kutoka nje havilitaji, lakini wewe unalijua. Stima ikipotea, maji ndani ya riakta yanasimama. Yakikaa hivyo saa nyingi, oksijeni inaisha humo ndani na bakteria wanaanza kufa na kuoza. Stima ikirudi usiku ukiwa umelala, pampu inasukuma maji hayo yote tangini.

Kama umeme ulikatika kwa saa nyingi, toa maji ya riakta kwenye ndoo kabla ya kuiwasha. Ukitoka nyumbani kwa siku kadhaa na mtaa wako una tabia hiyo, ni heri uizime kabisa na kuiacha tupu. Tangi halitakufa kwa kukosa riakta siku tatu.

Aidha, hakikisha paipu ya kurudisha maji iko juu kidogo ya uso wa maji, la sivyo pampu ikizimika maji yanaweza kujivuta kinyume na kukufurikia sebuleni. Waya wa pampu uuache uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone likiteremka lianguke sakafuni badala ya kuingia kwenye stima.

Kama ndiyo kazi yako

Kuna vijana wanaojipatia riziki kwa kutunza matangi ya hoteli, ofisi na kliniki. Kwako wewe, fosfeti si suala la urembo. Mteja akiona kioo kina kijani wiki moja baada ya kukulipa, haulizi kuhusu kemia, anatafuta mtu mwingine.

Kabla ya kumuuzia mteja riakta, mwonyeshe vipimo vya wiki mbili. Mwulize nani hulisha samaki, kwani ofisini mara nyingi utakuta ni watu watatu na kila mmoja anadhani ni zamu yake. Kumaliza hilo hakugharimu hata shilingi, na mteja ataamini neno lako siku utakapomwambia kweli anahitaji kifaa.

Kwa wale wa Pwani, neno moja zaidi. Kishawishi cha kuchukua jiwe au tumbawe baharini ni kikubwa kwa sababu bahari iko hapo tu. Usithubutu. Hifadhi za Malindi na Watamu zimelindwa tangu 1968 na hairuhusiwi kuchukua kitu humo. Matumbawe ya mawe nayo yako chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES. Tumia mawe makavu yaliyouzwa kihalali.

Ukiona mambo yamekushinda na unataka kuacha ufugaji, usiwamwage samaki mtoni au ziwani. Samaki wa kigeni wakizoea maji yetu huwatoa wenyeji. Wape mfugaji mwingine au uwarudishe dukani.

Na yale maji unayotoa kwenye tangi la maji matamu, usiyamwage chooni. Yana fosfeti na naitreti, kitu ambacho mwenye shamba hununua dukani kwa gunia. Mwagilia sukuma wiki zako. Ya chumvi ndiyo usithubutu kuyapeleka karibu na mboga.

Kwa hivyo wiki hii, kabla ya kutoa pesa mfukoni, tafuta kifaa cha kupimia na daftari. Pima maji ya tangi, pima maji ya kujazia, punguza chakula. Baada ya wiki mbili, daftari lenyewe litakujibu kama unahitaji riakta au ulihitaji tu kupunguza mkono kwenye mkebe wa chakula.